Hatuna Kaburi Hapa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na kazi ya utafiti wa sheria haijanifundisha kuikunjua. Unakaa kwa watu, unauliza maswali ya upole, unakunywa chai yao, huku damu inakuchemka kwa sababu unajua wakili wa upande wa pili atayafanyia nini majibu hayo.

Ofisi yetu, vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, ilipewa kazi ya kuzunguka Kitui na Makueni kuuliza watu mambo matatu: haki zao kazini, kama wanapiga kura, na kufukuzwa kwenye mashamba. Nilimwambia bosi wangu kwamba huo ni mchanganyiko wa ajabu, na kwamba mtu ukishammaliza nguvu kwa swali la mshahara hatakuwa na hamu ya swali la kura. Akanijibu niende tu, nitaona. Sipendi kabisa kuambiwa nitaona.

Nilianza Kathonzweni, nikaenda Kitui ya kusini, kisha nikashuka mpaka upande wa Kibwezi, kwenye kijiji kimoja kando ya mto ambapo watu hulima nyanya, vitunguu na bilinganya za kupakiwa lori kwenda Mombasa. Chini karibu na maji kulikuwa na shamba kubwa la bwana mmoja mwenye pampu na mabomba. Juu yake, kwenye ardhi kavu ya mawe, kulikuwa na boma za watu waliotoka Kitui zamani, kiangazi kilipowashinda. Walikuta msitu wa miiba, wakafyeka, wakalima ndengu na kunde, wakazaa watoto. Bwana wa pampu alikuja baadaye. Alinunua kutoka kwa mwenye hati wa zamani ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kumwona, na hati yenyewe ilifunika kila kitu, mpaka vitanda walivyolalia.

Akawapa notisi ya kuhama. Boma moja tu ndilo lililokwenda kortini: mume, mkewe, na mama mzazi wa mume. Majirani walikuwa wanangoja kuona yatakayowapata. Hao watatu wakishinda, wote wamepona. Wakishindwa, tingatinga halitachagua nyumba.

Kwa maneno ya kawaida, sheria inasema hivi: ukikaa kwenye shamba lenye hati ya mtu mwingine, wazi wazi, bila ruhusa yake na bila kuondolewa, kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, unaweza kuiomba korti ikutambue wewe. Kwa hiyo swali lote lilikuwa moja. Je, hawa watu walikuwepo kabla ya bwana wa pampu, au yeye ndiye aliyewaleta?

Nilidhani hilo ni swali rahisi. Jameni.

Nikaanza na kazi. Mume na mke walikuwa wamechuma nyanya za yule bwana tangu afike. Alipowakuta pale na boma lao, aliwaita, akawapa ndoo. Hawakupewa barua ya kazi wala siku ya kupumzika, na siku mke alipochomwa mikono na dawa ya kupulizia wadudu, walikwenda kwa ofisa wa kazi kulalamika. Yule bwana akaitwa. Akasema hawajui kabisa watu hao, wachumaji huja na kuondoka na yeye hana mfanyakazi hata mmoja upande ule. Jambo likafia hapo.

Sasa sikia. Kwenye kesi ya shamba, bwana huyo huyo aliapa kwamba watu hawa ni vibarua wake, kwamba aliwaleta yeye kwa wema wake, na akawaruhusu wajenge vibanda pale juu wasije wakachelewa kazini. Nilisoma maneno hayo nikasimama, nikazunguka chumba, nikakaa, nikasoma tena. Mkono ukichomeka, hawajui. Shamba likitakikana, anawajua sana, ni watoto wake wa kulea.

Nikaenda kwa swali la kura. Hapo nilikuwa na matumaini, maana mtu akijiandikisha kupiga kura mahali fulani, hiyo ni alama kwamba anaishi hapo. Mume alinijibu kwa fahari kwamba hajawahi kukosa uchaguzi. Wapi? Kitui, bila shaka. Wote pale walijiandikisha Kitui, kwenye shule walizosomea utotoni, na kila uchaguzi ukifika wanachanga nauli wanapanda lori na watoto mgongoni. Nilimuuliza kwa nini, na shule ya kupigia kura iko hapo hapo anapoiona. Alinitazama kwa huruma, akanieleza kwamba kura ni ya nyumbani. Basi kwenye vitabu vya serikali, mtu huyu alikuwa bado anakaa Kitui, na mbunge aliyemchagua hakuwa na habari kwamba kuna mto Kibwezi.

Hata nyumba haikusaidia. Ndovu wa kutoka mbugani walikuwa wameivunja, na wenyewe wakaijenga upya kwa mabati yanayong'aa, na ukiitazama ungesema ni ya juzi.

Nikabaki na swali la makaburi. Wanasheria hupenda makaburi. Nyumba inahamishika na miti inaweza kupandwa na mtu yeyote, lakini mtu akizika wake mahali, korti huelewa kwamba hapo ni kwake. Nilimuuliza mama mzazi wa mume, mwanamke mkongwe aliyekaa wima kwenye kiti cha kamba, na nilimwita mwaitu, mama yetu, kama tunavyowaita wote wa umri wake.

"Sisi hatutupi watu wetu vichakani," akasema. "Hatuna kaburi hapa. Wetu wote tumewarudisha Kitui."

Akanisimulia mazishi ya mume wake kwa starehe, kama mtu anayesimulia harusi. Alikufa pale pale, kwenye nyumba ile ndovu waliyoivunja, kabla bwana wa pampu hajajulikana upande huo. Ukoo ukaitwa, kanisa likachanga, gari likakodiwa, wakamrudisha Kitui, na kwaya mbili zikaimba mpaka zikashindana. Hakuna mtu aliyelala na njaa. Niliandika yote hayo kwa mkono mzito. Kila neno lililompa fahari lilikuwa linawasaidia waliotaka kumfukuza.

Mke wa nyumba alikuwa amekaa kando anapepeta kunde, na hakusema lolote. Mbele ya mama mkwe, kwetu, mke hukaa hivyo.

Nililala hoteli ya Kibwezi na kichwa kinaniuma. Kazini hawajulikani, kura iko Kitui, na maiti nazo ziko Kitui. Watu hawa walikuwa wameishi pale zaidi ya nusu ya maisha yao, na kwa uaminifu wao wa kupenda nyumbani walikuwa wamejifuta wenyewe, kila mwaka kidogo. Nilimpigia bosi simu nikamwambia nimeona. Sikumwambia kwa sauti nzuri.

Baada ya wiki chache, jaji akaamua kuja kujionea mahali penyewe. Korti hufanya hivyo mara nyingine kwenye kesi za mashamba. Jaji alikuwa mama wa makamo, amevaa viatu vya mpira kama mtu anayejua anakokwenda, na alifuatana na karani na mkalimani wa Kikamba. Wakili wa bwana wa pampu alikuja na gari lake mpaka mlangoni. Upande wetu kulikuwa na wakili kijana ambaye ofisi yetu ilimwomba asaidie bure, mcha Mungu, mwenye tabia ya kufuta miwani yake akiogopa. Siku hiyo aliifuta mpaka nikataka kumnyang'anya. Boma zote zilikuwa zimekuja, wanaume mbele, wanawake upande wa jikoni, na mchungaji wao alifungua kwa maombi mafupi kwa sababu jaji alitazama saa.

Wakazunguka. Wakili wa upande wa pili aligusa mabati kwa kidole, akauliza yamenunuliwa lini, akaambiwa, akatabasamu. Akauliza mume anapigia kura wapi, akaambiwa Kitui, akatabasamu tena. Hakuwa mtu mkorofi wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa mpole kama daktari wa meno.

Kisha akasimama katikati ya uwanja, akamwomba mume aionyeshe korti kaburi moja. Moja tu, hata la shangazi.

Mume akamtazama mama yake. Mama mkongwe akatingisha kichwa, na bado alikuwa na ile fahari yake.

"Hatuna kaburi hapa," mume akasema.

Wakili akamgeukia jaji. Akasema, kwa utaratibu, kwamba hawa wanadai wameishi hapa miaka yote hiyo na hakuna aliyekufa akabaki. Basi ama wao si wanadamu kama sisi, ama hawaishi hapa. Watu wawili watatu nyuma yake wakacheka. Niliuma kalamu yangu mpaka nikasikia plastiki inavunjika.

Ndipo sauti ikatoka upande wa jikoni, ya chini, kwa Kikamba. Mkalimani aligeuka akatafuta nani amesema. Alikuwa mke wa nyumba.

"Anasema liko," mkalimani akasema. "Kaburi. Anasema liko."

Mama mkwe akamwambia anyamaze. Hakumfokea, alimwambia kama mtu anayemzuia mwenzake asivue nguo mbele za watu. Lakini jaji alikuwa amekwisha kumwita aje mbele, na akaja, anafuta mikono kwenye leso yake. Alionyesha ukuta wa jikoni, mahali penye kichanja cha miti anapoanikia vyombo. Sahani zilikuwa bado juu yake, na vikombe vya plastiki vya watoto, vimepinduliwa vikauke.

Akaeleza, na mkalimani akafuata nyuma yake akijikwaa. Wakati ule baba mkwe alipokufa na wote wakaenda Kitui kumzika, yeye alibaki kwa sababu mimba ilikuwa nzito na gari lilikuwa limejaa. Uchungu ukamshika wakiwa huko. Majirani wanawake wakaja. Mtoto alizaliwa, akaishi mpaka asubuhi, akakata roho kabla hajapewa jina.

Hapa lazima niseme kitu kwa wasio wa kwetu. Kwa desturi ya wazee wetu, mtoto ambaye hajapewa jina hajawa mtu bado. Akifa, hakuna matanga, hakuna kuita ukoo wala mchungaji. Wanawake humfunga nguo, wakamzika kimya karibu na nyumba, na hawaweki alama. Mama yake halii kwa sauti. Baba haonyeshwi mahali. Kesho yake mama anapika, na ukimuuliza kama amefiwa atakwambia hapana. Mimi mwenyewe nimezaliwa Kasikeu, desturi hiyo naijua tangu utotoni, na nilipowauliza watu kuhusu makaburi yao haikunipita akilini hata kidogo. Hawakunidanganya. Nilikuwa nimeuliza kuhusu makaburi, na hilo halikuitwa kaburi.

Nilimtazama mume. Uso wake ulikuwa umelegea kabisa. Yeye aliporudi kutoka Kitui, baada ya magari na kwaya na vyakula vyote vile, aliambiwa mimba imeharibika. Wala hakuuliza zaidi, maana mwanamume haulizi. Akaendelea kula kwenye sahani zilizoanikwa pale, miaka yote.

Wakili wetu kijana, Mungu ambariki, ndiye aliyeamka kwanza. Akaieleza korti kwamba mazishi ya baba mkwe yana tarehe na cheti, na mtoto alizikwa siku zile zile, kabla ya yule bwana kununua hata tone la maji ya mto ule. Wakili mwenzake akakohoa. Akasema maneno ni maneno, mtu yeyote anaweza kuonyesha kichanja. Akasema, kwa ule upole wake, kwamba kama kweli kuna kitu pale, basi pachimbwe na ionekane.

Sijui kama mkalimani alipaswa kutafsiri hayo. Alitafsiri. Na wanawake wote upande wa jikoni wakavuta pumzi kwa pamoja, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena na sitaki kuisikia.

Mke wa nyumba akafikiri kidogo.

"Kama ni kuchimba," akasema, "nitachimba mimi. Mgeni asimguse."

Akaenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe. Akaliegemeza ukutani, akaanza kuondoa vyombo kwenye kichanja, sahani moja moja, akaziweka kwenye majani bila haraka. Hakuna mtu aliyesogea. Niliogopa. Nilikuwa naona mwanamke anajiandaa kufukua mtoto wake ili aruhusiwe kubaki karibu naye, na sisi wote wenye kalamu tumesimama tu, tunangoja aonyeshe.

Alipomaliza vyombo na kushika kichanja aving'oe viguzo vyake, jaji akasema inatosha. Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kikamba chake kibovu, na akaenda mwenyewe akamwondolea jembe mkononi. Akamwambia wakili kwamba mahakama haikuomba hivyo na haitaomba.

Mwanamke mmoja mzee akatoka kundini. Akasema yeye ndiye aliyemfunga mtoto yule, kwa leso yake mwenyewe ya kijani, na akaapa. Jaji akamshukuru. Lakini yule mzee hakurudi mahali pake. Akabaki amesimama, akasema hata yeye anaye mmoja, kwenye boma lake, chini ya ghala. Mwingine akasema wake wako wawili, karibu na zizi. Mwingine akainua mkono tu, kama mwanafunzi. Mkalimani akaomba waende polepole. Walikuwa wanasema kwa sauti za kawaida, sauti za kutaja mifugo, na wengine hawakuwa wameambiana hata wao kwa wao, kwa sababu walikuwa wanageuka kutazamana. Mama mkongwe, yule wa fahari, alikuwa amefunika uso kwa leso. Kisha akasema, ndani ya nguo, kwamba wake alimwacha kando ya njia ya kwenda mtoni, mwaka waliofika, wakati hakukuwa na nyumba hata moja.

Wanaume wakaanza kutazama chini. Hakuna aliyejua akanyage wapi. Wakili wa upande wa pili aliinua mguu mmoja, akaurudisha pale pale.

Nitasema sasa ili usikae na wasiwasi: hawakufukuzwa. Siku hiyo hiyo jaji aliamuru asiguswe mtu wala pasilimwe popote mpaka kesi imalizike, na ilipomalizika walibaki, na majirani wao wakafuata kortini. Bwana wa pampu bado anachuma nyanya zake huko chini. Sasa wachumaji wake wana barua, nilihakikisha.

Lakini siku ile, jaji alipokuwa anaandika amri yake juu ya boneti ya gari, na watu wameanza kusema kwa minong'ono, mume alimwendea mkewe. Mke alikuwa amechuchumaa anakusanya sahani kutoka kwenye majani. Nilikuwa karibu nao, nikawasikia.

"Alikuwa nani?" mume akauliza. "Mvulana ama msichana?"

Hakuinua uso. Alifuta sahani kwa ncha ya leso, akairudisha kwenye kichanja.

"Msichana," akasema. "Alikufanana."